Hesabu Kazi, Usihesabu Ala

Wadogo zangu, leo nawaandikia nikiwa Nakivubo, Kampala, nimekaa kwenye kibaraza cha muuza spika, chupa ya soda mkononi. Upande mmoja uko uwanja wa mpira uliojengwa upya na kufunguliwa tena 2024. Upande mwingine liko soko la Owino, ambalo kwa jina rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe lakini hakuna anayekuelewa ukilitaja hivyo kwenye boda. Na hapo kando ndio mtaro wetu wa Nakivubo, unaopeleka maji ya jiji Ziwa Victoria pamoja na kila tunachoutupia.

Mbele yangu maduka matatu yanapiga nyimbo tatu kwa wakati mmoja, na makondakta wa taksi wanaita abiria juu ya zote. Nimekaa robo saa. Katika nyimbo zote zilizopita nimeshika maneno ya mmoja tu: wa mzee mmoja na gita lake, kutoka spika iliyo mbali kuliko zote. Hilo lisingenishangaza, ila barua niliyo nayo mkobani inauliza jambo hilo hilo.

"Dada, mimi ni kijana wa Kisenyi, nina miaka 22. Nimetunga wimbo juu ya mama yangu, anayeuza mitumba Owino tangu sijazaliwa. Naupiga kwa gita la kuazima, na kila anayeusikia hunyamaza. Nimedunduliza pesa za kurekodi wimbo mmoja, za wa pili sina. Prodyuza ameusikia akasema ni mzuri lakini uko uchi. Anataka kuuwekea ngoma za kompyuta, besi, vinanda viwili, tarumbeta na waitikiaji watatu. Rafiki zangu nao wanasema nikiuacha na gita tu nitaonekana maskini. Dada, nimsikilize nani?"

Mdogo wangu, hongera kwa kutunga, na pole kwa ushauri mwingi. Kwa Waganda mwenye haki ya kumfunda binti ni ssenga, shangazi yake. Mimi si ssenga wako. Ni dada tu aliyekulia ndani ya kibanda cha kanda, hatua chache kutoka hapa nilipokaa. Nitakwambia nilichokiona kwa wateja, halafu uamue mwenyewe.

Miaka ya 1990 mjomba wangu aliuza kaseti karibu na ukuta wa uwanja wa zamani. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kuwasikilizisha wateja. Mtu anataja msanii, unaweka kanda, unampa nafasi ya kusogeza sikio, kisha anatoa pesa au anaondoka. Kulikuwa na wateja wa aina mbili, na nilijifunza kuwatofautisha kwa miguu yao. Wa kwanza walitaka muziki wa Kongo. Hao, sebene, ile sehemu ya magita ya kuchezea, likianza, kisigino kilikuwa kimeshaanza kugonga chini kabla mkono haujaingia mfukoni. Wa pili walitaka kadongo kamu. Hao walisimama wima, kichwa wamekiinamisha kwenye spika, miguu haitikisiki. Wanangoja hadithi. Mahali pa kuchekesha wanacheka peke yao katikati ya zogo lote lile, wapita njia wanawageukia.

Zote mbili zilinunuliwa. Hilo likumbuke, maana sitaki uondoke hapa ukidhani dada amesema gita moja ndilo lenye heshima na bendi ni makelele. Bendi ya Afrigo ipo tangu 1975, na mtu akiiondoa saksafoni ya Moses Matovu mle kwa kisingizio cha kurahisisha, nitamfuata nyumbani kwake. Lakini mteja wa kisigino na mteja wa sikio hawakutaka kitu kimoja. Swali lako la kwanza basi ni hili: wimbo wa mama yako unaitafuta miguu ya watu, au masikio yao? Umeniandikia jibu bila kujua. Umesema kila anayeusikia hunyamaza.

Sasa tuliangalie jina lenyewe. Kadongo kamu kwa Luganda ni kigita kimoja tu. Watu husikia "kimoja tu" wakadhani ni muziki wa upungufu. Mtafute Bernard Kabanda, ambaye lebo ya Real World ya Uingereza ilitoa albamu yake, Olugendo, 1999, mwaka ule ule aliofariki. Yeye, gita na sauti. Sikiliza mkono ule unavyofanya kazi: nyuzi nene zinashika besi, nyuzi nyembamba zinamjibu mwimbaji kila anapovuta pumzi, na mapigo hayakatiki. Gita ni moja, kazi ni tatu. Au rudi nyuma zaidi, Katanga ya Kongo, 1952. Mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean-Bosco mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, akipiga Masanga. Kidole gumba kinatembea chini, cha shahada kinacheza juu, na wapiga gita wa nchi nyingi wamevunjika vidole wakijaribu kukifuata.

Ndiyo maana nakwambia: hesabu kazi, usihesabu ala. Wimbo unahitaji kazi nne zifanywe. Mtu wa kuibeba hadithi, ambaye kwako ni sauti. Mtu wa kushika mapigo. Mtu wa kutandika sakafu chini, yaani besi. Na mtu wa kujibu, anayeingia pale mwimbaji anapopumua ili msikilizaji asiachwe peke yake. Kazi hizo zinaweza kufanywa na mtu mmoja, na zinaweza kufanywa na watu arobaini. Ala ya tano ikija, iulize: wewe umekuja kufanya kazi gani ambayo haijafanywa? Ikikosa jibu, ipe nauli irudi kwao.

Na wala usidhani jina kadongo kamu lilimfunga mtu. Kanda za Paulo Kafeero na Herman Basudde nilizokuwa naziuza zilikuwa na besi, zilikuwa na ngoma. Walumbe Zaaya ya Kafeero, ule wimbo mrefu juu ya Walumbe, Kifo mwenyewe wa hekaya ya Kintu na Nambi, hauna gita moja tu. Lakini ngoma imekaa nyuma kama mgeni mwenye adabu msibani: yupo, unamwona, ila hasemi kumzidi mwenye msiba. Walichokilinda wale wazee ni neno. Kila kilichoongezwa kilipewa mahali chini ya neno.

Upande wa Kiswahili tunalo somo kama hilo. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alipokwenda Bombay 1928 kurekodi sahani za santuri, aliongozana na wapigaji wachache tu, udi na fidla miongoni mwa ala zao. Baadaye taarabu ya Unguja ikavaa suti: safu za fidla, akodiani, ganuni, besi kubwa ya kusimama, na waitikiaji wamekaa nyuma. Hiyo ni tajiri na inapendeza, kwa sababu kila safu ina zamu yake. Na waliokuwa hawana fedha za kundi kubwa wakabaki na kidumbak: fidla moja, ngoma mbili ndogo, na besi ya sanduku la mbao lenye fimbo na uzi. Nenda harusi ya mtaa yenye kidumbak uone kama kuna mtu aliyekaa. Kundi la maskini limefanya kazi zote nne, na halikumwomba mtu radhi.

Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Chukua Malaika, wimbo ambao mtunzi wake anabishaniwa hadi leo. Fadhili William aliurekodi Nairobi miaka ya mwanzo ya 1960, magita yanacheza taratibu, na unamwamini kabisa kwamba kijana huyu hana mahari. Mwaka 1981 Boney M kutoka Ujerumani wakauvika nguo za disko. Unang'aa, umepigwa pasi, watu wameucheza duniani kote. Lakini mtu aliyevaa hivyo, ukimsikia analalamika kwamba hana pesa za kuoa, unataka kumuuliza ameuza nini akanunua hilo koti. Mpangilio umebishana na maneno. Kwa wimbo mwingine nguo zile zile zingefaa. Kwa wimbo wa mtu aliyeshindwa na mali, umaskini wa gita ni sehemu ya ushahidi.

Wimbo wako una mama anayefungua robota la nguo kuukuu alfajiri. Tarumbeta zinafanya nini pale?

Ngoja, nisikuonee. Mimi mwenyewe nimekosea kosa hilo, tena kwa pesa zangu. Mdogo wangu wa kuzaliwa alipoolewa, nilimtungia wimbo na kwenda kuurekodi. Prodyuza alikuwa kijana mpole, studio yake chumba kimoja chenye magodoro ukutani. Aliweka kinanda na ngoma nyepesi, akaniuliza, "Dada, inatosha?" Haikunitosha. Sauti yangu ilikuwa inasikika mno, na mimi nilikuwa naiogopa. Nikamwambia ongeza fidla. Akaongeza. Ongeza waitikiaji. Akaongeza. Ongeza vile vikengele. Akanitazama, akaongeza. Nilitoka mle nimeridhika kama mtu aliyejificha vizuri. Siku ya harusi wimbo ukapigwa ukumbini, watu wakapiga makofi, na shangazi yetu akaniinamia sikioni akauliza, "Huyu anayeimba anamtaja nani?" Alikuwa anamtaja bibi harusi. Jina la mdogo wangu lilikuwa limezama chini ya vikengele nilivyovilipia mwenyewe.

Baadaye fundi mmoja wa sauti alinieleza kilichotokea. Maneno tunayatambua kwa konsonanti: t, k, s, ch. Hizo ni sauti nyembamba, zinakaa juu, na huko juu ndiko wanakokaa pia matoazi, kayamba na vikengele. Ukivirundika pamoja, msikilizaji anabaki na irabu tu, a-e-i-o-u, kama mtu anayezungumza ndani ya pipa. Huku katikati, sauti yako ya kiume, gita na kinanda wanagombania kiti kimoja. Fundi anaweza kumpunguza huyu na kumsogeza yule, lakini dawa ya uhakika ni mmoja kunyamaza mwenzake anapozungumza. Ndicho gita la Kabanda linachofanya.

Basi na wewe jiulize bila kujidanganya: zile ala zote unazitaka kwa ajili ya wimbo, au kwa ajili ya hofu? Rafiki zako wanaosema utaonekana maskini wanazungumzia namna ya kuonekana. Wimbo huwa unasikika.

Lakini na upande wa pili una hofu yake, tena ina jina zuri: inajiita usahili. Wapo vijana wanaorekodi gita na sauti kwa sababu hawajafanya mazoezi na besi, halafu wanatuambia ni sanaa. Gita moja halina pa kujificha. Ukipoteza mapigo kwenye ubeti wa pili, hakuna ngoma ya kukufunika. Uzi ukiwa haujakazwa sawa, Kampala nzima itajua. Kabla hujasema "mimi nataka usahili", jirekodi kwa simu mara tano. Ukiona mara zote tano mwendo umeongezeka kasi kuelekea mwisho, wimbo bado haujawa sahili. Haujaiva tu.

Wala mashine isikutie hofu wala kiburi. The Beatles walitengeneza albamu ya Sgt. Pepper 1967 kwa mashine za njia nne tu za sauti, na katika wimbo wa A Day in the Life wakaingiza okestra ya watu arobaini. Bruce Springsteen, 1982, alitoa Nebraska iliyorekodiwa nyumbani kwa mashine ya kaseti, nayo ya njia nne, akiwa peke yake na gita na harmonika. Alikuwa na bendi kubwa, walijaribu nyimbo zile pamoja, na mwishowe ile kaseti ya chumbani ndiyo iliyotoka. Njia nne zilibeba msafara wa watu arobaini, na njia nne zilibeba mtu mmoja. Wote walilazimika kuchagua. Leo kompyuta ya prodyuza wako ina njia zisizo na hesabu, na hapo ndipo penye mtego: hakuna kinachomlazimisha kuacha. Utalazimika kumlazimisha wewe.

Hata mwenye kila kitu anaweza kuacha. Geoffrey Oryema wa Anaka, aliyekimbia Uganda 1977 baada ya baba yake kuuawa na utawala wa Idi Amin, alirekodi albamu ya Exile, 1990, mtayarishaji akiwa Brian Eno, mtu anayeweza kujaza chumba kwa kidole kimoja cha kinanda. Isikilize. Nanga, ala ya nyuzi ya Kiacholi, na lukeme, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, vimeachwa mbele, sauti imeachwa mbele, na vinanda vinapita nyuma kama ukungu. Eno angeweza kufunika yote. Alijua anayezungumza ni nani.

Haya, sasa tufanye kazi. Kabla hujapeleka pesa studio, fanya mambo haya.

Kwanza, muimbie mtu mmoja asiyekujua, bila gita kabisa. Ukimaliza, usimuulize kama ni mzuri, atakudanganya kwa heshima. Mwambie akusimulie wimbo unahusu nini. Pale anapokosea ndipo pa kurekebisha, na huwa ni maneno au mwendo. Ala haitaliziba pengo hilo.

Pili, rudi kwa prodyuza, na urudi kwa adabu. Huyo si adui yako. Amesikia nafasi tupu, na kazi yake ni kusikia nafasi tupu. Usimwambie "sitaki biti lako". Mwambie: "Kaka, tuanze na gita na sauti peke yake, turekodi mpaka ziwe safi. Halafu tuongeze kimoja kimoja, na kila kimoja tukizime tuone kama tutakikumbuka." Kinachozimwa na msikikumbuke, kibaki kimezimwa. Mimi ningebashiri utabaki na besi nyepesi, na ngoma inayoingia kuanzia ubeti wa pili, mama anapofika sokoni, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoongezeka kwenye hadithi. Kama ni tarumbeta, mtafute mpiga tarumbeta mmoja wa kweli, apige mara moja tu, mwishoni. Mmoja anayevuta pumzi anashinda watano wa kinanda.

Tatu, mwombe akupe matoleo mawili ya wimbo, lenye ngoma na lisilo na ngoma, pamoja na faili za kila ala peke yake. Patana mapema, kwa maandishi, kabla ya kulipa. Una pesa za wimbo mmoja, lakini ukiwa na faili hizo unaweza kuurudia mpangilio mwakani bila kuimba upya. Wengi hulikumbuka jambo hili baada ya kompyuta ya studio kuharibika.

Nne, usiuhukumu wimbo kwenye spika kubwa za studio. Pale kila kitu ni kitamu, hata kikohozi. Uweke kwenye simu, uje nao hapa Nakivubo saa kumi na moja jioni, taksi zikiwa zimejaa na makondakta wakiwa wamepandwa na wazimu. Nota ya chini kabisa ya gita la besi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, na kispika cha simu hakiwezi kuitoa. Kama wimbo wako umeegemea besi, kwenye simu utaanguka. Kisha upigishe kwenye redio ya boda aliyesimama, kisha kwa muuza spika, sauti juu. Ukielewa maneno mahali pote hapo, umeuweza. Watu wetu wengi hawana chumba kimya cha kusikilizia muziki. Chumba chao ni huku.

Na mwenzangu unayetunga wimbo wa kucheza, unayesoma hapa ukidhani hayakuhusu: wewe ruhusa unayo. Jaza sakafu. Weka magita mawili yanayojibizana, weka tarumbeta, weka waitikiaji. Ila nawe toa zamu. Sebene hupendeza kwa sababu limecheleweshwa. Mwimbaji alikushika mkono kwanza, akakutembeza polepole, ndipo akakuachia. Ukianza na kila kitu sekunde ya kwanza, utakwenda wapi dakika ya tatu?

Mdogo wangu wa Kisenyi, nimebakisha jambo moja. Umeuimba wimbo huu kwa rafiki, kwa prodyuza, kwa kila mtu, na katika barua yako yote sijaona mahali ulipomwimbia yule unayemwimba. Nenda Owino jioni, anapofunga mzigo. Usimtangazie kitu. Kaa juu ya robota, shika hilo gita la kuazima, imba kwa sauti ile ile unayozungumzia naye. Tazama mikono yake. Kama inaendelea kukunja mashati, rudi ukatengeneze beti. Kama imesimama, ngoja. Akikwambia, "Pale ulivyosema kuhusu mvua, hebu rudia," kamweleze prodyuza mahali hasa aliposema hivyo. Hapo msiongeze chochote.

Dada yenu,
Nakivubo.